UALIMU WA SHULE ZA MSINGI NCHI ZA NJE: UDHAMINI WA VIZA NA MIKOPO YA WANACHAMA

Katika vijiji vya Mbulumbulu, kuanzia Kambi ya Simba hadi Kitete, si jambo geni siku hizi kumkuta kijana mwenye Cheti cha Ualimu Daraja A akipura mbaazi uani kwa wazazi wake. Amesoma miaka miwili katika chuo cha Mamire au cha Monduli, amefaulu mtihani wa Taifa, na sasa anangoja. Nafasi za Serikali hutangazwa, lakini waombaji ni wengi mno. Mwaka 2023 Serikali ilipotangaza nafasi 21,200 za walimu na watumishi wa afya, ambazo 13,130 kati yake zilikuwa za walimu, maombi yaliyopokelewa yalizidi 170,000. Mambo yakiwa hivyo, si ajabu kijana huyo, pamoja na mzazi aliyeuza ng'ombe ili amsomeshe, kutega sikio anaposikia kwamba Uingereza, Marekani na Dubai zinatafuta walimu wa shule za msingi, na kwamba waajiri wa huko hudhamini viza.

Habari hiyo si uzushi mtupu. Shule za nchi hizo huajiri kweli walimu waliosomea kazi yao katika nchi nyingine. Lakini baina ya habari na safari liko pengo, na pengo hilo limekuwa shamba la watu wanaovuna wasichopanda. Chama cha akiba na mikopo huguswa na jambo hili pale mwanachama anapofika kwa katibu na fomu ya mkopo ambayo mbele ya neno "madhumuni" imeandikwa: gharama za viza ya mtoto. Kamati ya mikopo huikalia karatasi hiyo bila kujua iulize nini. Ikikubali na safari isitimie, akiba ya wadhamini ndiyo itakayokatwa. Ikikataa bila sababu inayoeleweka, mwanachama atakwenda kwa wakopeshaji wa mitaani wanaotoza riba mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe kwa urefu.

MAANA YA UDHAMINI

Neno "udhamini" huwachanganya wanachama wengi kwa sababu katika ushirika lina maana yake iliyozoeleka: mwanachama humwekea mwenzake dhamana ya mkopo. Udhamini wa viza ni kitu kingine. Hapo mwajiri ndiye anayesimama mbele ya serikali ya nchi yake na kutamka kwamba kazi ipo, kwamba mshahara wake ni kiasi fulani, kwamba mtu fulani amechaguliwa kuifanya, na kwamba yeye mwajiri atawajibika kwa serikali juu ya mtu huyo muda wote atakaokuwa kazini. Mwalimu hawezi kujidhamini mwenyewe. Wala shemeji yake anayeishi huko hawezi kumdhamini kwa kazi ambayo si yake kuitoa.

Mfano haupo mbali. Shule za msingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza katika Mkoa wa Arusha zimekuwa zikiajiri walimu kutoka Kenya na Uganda kwa miaka mingi. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni Na. 1 ya mwaka 2015, shule ndiyo inayopeleka ombi la kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, nayo hutakiwa kueleza kwa nini nafasi hiyo haikupata Mtanzania mwenye sifa. Kibali hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24, na hata kikihuishwa, jumla yake ina kikomo. Baada ya kibali hufuata hati ya ukaazi ya Daraja B kutoka Idara ya Uhamiaji. Mjumbe yeyote wa bodi ya shule ya namna hiyo anajua kwamba makaratasi haya ni mzigo wa shule, na kwamba shule haiubebi mzigo huo ila kwa mwalimu ambaye imekwisha kumsaili, imeviona vyeti vyake na inamhitaji kweli.

Kwa Mtanzania anayekwenda nje mambo ni yale yale, yamegeuzwa upande tu. Kazi hutangulia na viza hufuata. Mtu anayeuza viza kwanza na kuahidi kwamba kazi itapatikana "ukishafika" ameanza kujenga nyumba kwenye paa.

Wazee wa Mkoa wa Arusha huenda wakawakumbuka walimu wa Kimarekani na wa Kiingereza walioletwa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1961, chini ya mpango uliosimamiwa upande wa Marekani na Chuo cha Walimu cha Chuo Kikuu cha Columbia. Walikuwa walimu waliosomea nje, wakafundisha katika nchi isiyo yao, na gharama za kuwaleta zilibebwa na mpango wenyewe. Hakuna aliyetakiwa kuuza ng'ombe wa baba yake ili aje.

CHETI KWANZA, VIZA BAADAYE

Kikwazo kikubwa cha kijana wa Mbulumbulu si viza. Ni kiwango cha elimu kinachotakiwa. Hapa nchini Cheti cha Daraja A kimewatosha walimu wengi wa shule za msingi kwa vizazi viwili. Nchi zinazotajwa mara kwa mara katika matangazo, hata hivyo, humtaka mwalimu wa darasa la kwanza awe na shahada ya chuo kikuu sawa na mwalimu wa sekondari. Jambo hili mawakala wengi hawalisemi mpaka fedha zimekwisha kulipwa.

England, ambayo ndiyo sehemu ya Uingereza yenye shule nyingi zaidi, ina hadhi maalumu ya mwalimu aliyehitimu, na mwalimu wa nje anayeiomba hutakiwa kuonyesha shahada, mafunzo ya ualimu, uzoefu wa kazi, ujuzi wa Kiingereza na uthibitisho kwamba hakuwahi kufungiwa kufundisha. Mnamo Februari 2023 njia ya moja kwa moja ya kuomba hadhi hiyo ilipanuliwa. Nchi za Afrika zilizotajwa wakati huo zilikuwa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Zimbabwe, na masharti yaliwahusu walimu waliosomea kufundisha wanafunzi wa miaka 11 hadi 16. Tanzania haikutajwa, wala mwalimu wa watoto wadogo kutoka nchi hizo nne hakutajwa. Haimaanishi kwamba mlango umefungwa kabisa, kwa kuwa mtu aliyehitimu ualimu katika nchi ya nje anaweza kuajiriwa katika shule za England hadi miaka minne bila hadhi hiyo. Lakini hapo mwalimu mkuu ndiye anayepaswa kuridhika naye kiasi cha kukubali kumdhamini, na anao waombaji wengi wa karibu zaidi.

Shule au halmashauri yoyote ya Uingereza inayodhamini wafanyakazi kutoka nje sharti iwe na leseni ya serikali, na majina ya wenye leseni huchapishwa hadharani na kurekebishwa mara kwa mara. Katibu wa chama mwenye simu ya intaneti anaweza kuitazama orodha hiyo bila malipo. Ajue hata hivyo kwamba baadhi ya shule hudhaminiwa kwa leseni ya halmashauri ya eneo lao au ya taasisi inayoziendesha. Jina la shule likikosekana, aulize ni nani mwenye leseni kabla ya kuhukumu. Mwajiri akiwa tayari hununua hati ya udhamini yenye namba, na namba hiyo ndiyo mwalimu anayoitumia kuomba viza. Tangu tarehe 31 Desemba 2024 mwajiri anayemdai mfanyakazi wake mwenye ujuzi ada ya leseni au ya hati hiyo anaweza kunyang'anywa leseni. Kwa hiyo mtu anayemwambia mzazi wa Slahhamo alipe "ada ya hati ya udhamini" anamwomba alipe kitu ambacho sheria ya huko inamkataza mwajiri kumtoza.

Marekani ina njia mbili zinazosikika zaidi. Ya kwanza ni viza ya J-1 ya kubadilishana walimu. Hii humtaka mwalimu awe na shahada inayolingana na ya Marekani, uzoefu wa kufundisha usiopungua miaka miwili na Kiingereza cha kutosha, na humruhusu kukaa hadi miaka mitatu, ikiwezekana kuongezewa mmoja au miwili. Katika njia hii mdhamini si shule. Ni taasisi iliyoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, nayo hutoa fomu iitwayo DS-2019. Taasisi hizo zinaweza kumtoza mwalimu ada, lakini sharti ziitaje wazi mapema. Njia ya pili ni viza ya H-1B. Tangazo la Rais wa Marekani la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 juu ya maombi mapya ya viza hiyo, na ni halmashauri chache za elimu zinazoweza kufikiria kumlipia mwalimu mmoja wa shule ya msingi fedha kama hizo. Tena, Desemba 2025 Tanzania iliingizwa katika orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya sehemu vya kuingia Marekani, na viza za J zilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Masharti ya namna hii hubadilika, kwa hiyo neno la mwisho ni la ubalozi wenyewe. Kwa vyovyote vile, wakala anayeahidi Marekani kwa miezi mitatu anaahidi kisicho mikononi mwake.

Katika Falme za Kiarabu, ambako Dubai imo, shule za binafsi ni nyingi na huajiri walimu wa mataifa mengi. Huko nako shahada hutakiwa, na sharti ithibitishwe na mamlaka za nchi ilikotolewa, kisha na za huko. Sheria ya kazi ya Falme hizo, iliyotolewa kwa amri Na. 33 ya mwaka 2021, humkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumtafuta na kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Hatari kubwa ya njia hii ni viza ya matembezi. Kijana huambiwa asafiri kama mgeni wa matembezi, kisha "atabadilishiwa" akiwa huko. Siku za matembezi zikiisha kabla kazi haijapatikana, huwa mkiukaji wa sheria katika nchi ya watu, na mwenye kumshika hivyo anaweza kumfanyisha kazi yoyote kwa ujira wowote.

YALIYOWAPATA WALIMU WA KIFILIPINO

Anayedhani kwamba hasara hizi huwapata wasiosoma tu na atazame kisa cha Louisiana. Kuanzia mwaka 2007 walimu zaidi ya 350 kutoka Ufilipino walipelekwa kufundisha katika shule za umma za jimbo hilo la Marekani. Walikuwa na shahada, uzoefu na Kiingereza kizuri. Kazi zilikuwapo kweli, na viza zilikuwa halali. Kosa lilikuwa katika fedha.

Wakala aliyewapeleka, mwenye ofisi Los Angeles, aliwatoza yapata dola 16,000 kila mmoja, yaani mapato ya miaka kadhaa ya familia ya kawaida kwao. Hakuwatajia kiasi chote kwa mara moja. Kwanza walilipa sehemu, ambayo haikuwa ya kurudishwa. Walipokwisha kuilipa ndipo walipoambiwa sehemu ya pili, iliyokuwa kubwa zaidi, na kukataa wakati huo kulikuwa na maana ya kupoteza ile ya kwanza. Wengi wakakopa. Walielekezwa kwa wakopeshaji waliotoza riba ya asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi. Walipofika Marekani mshahara wao ulikuwa umekwisha kuliwa kabla ya kupokelewa, na walioogopa kunyimwa uhuishaji wa viza walinyamaza. Hatimaye, kwa msaada wa chama cha walimu cha Marekani na wanasheria wa haki za raia, walikwenda mahakamani. Desemba 2012 baraza la wazee wa mahakama lilimwamuru wakala awalipe dola milioni 4.5. Ilikuwa imepita miaka mitano tangu wa kwanza wao alipe senti yake ya kwanza.

Kisa hiki kinastahili kusomwa mbele ya kamati ya mikopo kwa sababu ya zile sehemu mbili za malipo. Mkopo wa kwanza huwa mdogo na huonekana salama. Kinachomfunga mwanachama ni mkopo wa pili, unaoombwa ili wa kwanza usipotee, na kamati iliyoidhinisha wa kwanza huona haya kuukataa wa pili.

Mwaka 2011, katika wilaya ya Prince George's ya jimbo la Maryland, Wizara ya Kazi ya Marekani iligundua kwamba walimu 1,044 wa kigeni, wengi wao Wafilipino, walikuwa wamebebeshwa gharama za viza ambazo sheria ilimtaka mwajiri azilipe. Halmashauri ya elimu ilitakiwa kuwarudishia zaidi ya dola milioni 4.2, na ikazuiwa kwa muda kuajiri kwa njia hiyo. Hapo hapakuwa na tapeli. Palikuwa na mwajiri wa umma aliyeachia mzigo wake uwaangukie wanyonge.

Nchi za Jumuiya ya Madola ziliyaona mambo haya mapema. Mnamo tarehe 1 Septemba 2004, huko Stoke Rochford nchini Uingereza, mawaziri wake wa elimu walipitisha itifaki juu ya kuajiri walimu wa nchi nyingine. Itifaki hiyo inaitambua haki ya mwalimu kwenda atakako, na wakati huo huo inazitaka nchi zinazoajiri zisizikaushe shule za nchi maskini na zisimamie mawakala. Haina nguvu ya sheria, lakini mwalimu anaweza kuitaja anapodai mkataba wa maandishi kabla ya kuondoka.

NJIA ZA KARIBU

Hushangaza kwamba watu wengi wanaouliza habari za London hawajapata kuuliza habari za Kigali au Nairobi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, nayo inahusu pia wafanyakazi kuvuka mipaka ya nchi wanachama. Kenya, Uganda na Rwanda zimeondoleana ada za vibali vya kazi, na raia wa Jumuiya wamenufaika. Tatizo lililobaki ni kutambuliana vyeti. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walitangulia kutiliana saini mikataba ya namna hiyo, walimu hawakuwamo. Kwa sababu hiyo mwalimu wa Kitanzania anayeitwa na shule ya Kenya bado atahitaji kusajiliwa na Tume ya Utumishi wa Walimu ya huko. Hata hivyo nauli ya basi kutoka Karatu hadi Nairobi si kitu cha kuwekea shamba rehani, na kijana akikataliwa anarudi nyumbani siku ya pili.

Iko pia njia ya serikali kwa serikali. Rwanda ilipohitaji walimu wenye Kiingereza, ilifanya makubaliano na Zimbabwe mwaka 2021, na Oktoba 2022 kundi la kwanza la walimu 154 likawasili Kigali. Usaili uliendeshwa na serikali, na wakala wa mtaani hakuwa na nafasi katika mpango huo. Kwa mwalimu mpango kama huu ndio bora kuliko yote, ingawa haupatikani kila mwaka.

Kiswahili nacho hutajwa sana. Jumuiya ya SADC ilikifanya lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba kitafundishwa kama somo la hiari. Mwalimu anayekimudu vyema na ajiandikishe katika kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili ya BAKITA. Ni busara pia kusema kweli: nafasi hizi bado ni chache, na nyingi ni za vyuo vikuu na sekondari kuliko za watoto wadogo.

Historia ya Oman inafundisha namna milango hii inavyofunguka na kufungwa. Mwaka 1970 nchi hiyo ilikuwa na shule tatu tu zenye wanafunzi 909. Ilipoanza kujenga shule kwa haraka iliajiri walimu kutoka Misri, Yordani, Sudan na kwingineko, na watu wa asili ya Oman waliorejea kutoka Zanzibar, wakiwa na Kiingereza na ujuzi wa kazi za ofisi, walipokelewa kwa mikono miwili. Miaka ilivyopita Waomani wenyewe walisoma wakazishika nafasi hizo. Nchi huwaita walimu wa wengine wakati wa haja yake, na mwalimu apaswa kuuliza haja hiyo iko wapi leo. Haifai ategemee simulizi la mjomba aliyefanikiwa zamani.

OMBI LIKIFIKA MEZANI

Katibu anapopokea ombi la mkopo wa safari ya mwalimu, swali la kwanza lisiwe "fedha kiasi gani" bali "barua ya mwajiri iko wapi". Barua ya kweli hutaja jina la shule, kazi, daraja atakalofundisha, mshahara, muda wa mkataba na nani anayelipa nauli. Hutoka katika anwani ya shule yenyewe, na shule ina namba ya simu ambayo mtu anaweza kuitafuta kwa njia nyingine na kupiga. Wakala akiwapo kati yao, lazima awe na kibali cha Kamishna wa Kazi. TaESA, ambayo ni taasisi ya Serikali ya huduma za ajira, huulizwa bure.

Swali la pili ni fedha zinakwenda kwa nani. Ziko gharama halali ambazo mwalimu hulipa mwenyewe: pasipoti kwa Uhamiaji, mtihani wa Kiingereza kwa wanaouendesha, tathmini ya vyeti, hati ya tabia njema ya Polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole, kipimo cha kifua kikuu kwa anayekwenda Uingereza kwa muda mrefu, na ada ya viza. Uingereza hutoza pia mchango wa afya, ambao tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, hivyo mkataba wa miaka mitatu una pauni 3,105 za kulipwa kabla ya kupanda ndege. Baadhi ya waajiri huwarudishia walimu fedha hizo, na inafaa kuuliza. Gharama zote hizi zina sifa moja: hulipwa kwa taasisi inayojulikana, kwa bei iliyotangazwa, na risiti hutolewa. Malipo yanayotumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi hayamo katika hesabu hii hata yakiitwa kwa jina gani. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ililazimika kuwaonya raia wake baada ya vijana walioahidiwa kazi nzuri Thailand kukutwa wamezuiliwa katika kambi za utapeli nchini Myanmar. Hao nao walikuwa na barua za ajira.

Swali la tatu ni la ushirika wenyewe: mkopo utarejeshwa na nini ikiwa viza itakataliwa? Mkopo wa mbegu na mbolea una shamba nyuma yake, na mvua ikigoma shamba linabaki. Mkopo wa viza hauachi kitu. Kwa sababu hiyo kamati inafanya vyema ikiugawa kwa hatua, kila hatua ikitolewa baada ya karatasi ya hatua iliyotangulia kuonekana, na ikilipa moja kwa moja kwa taasisi inayodai badala ya kumkabidhi mwombaji fedha taslimu.

Uko mkopo mwingine ambao kamati inaweza kuutoa kwa moyo mweupe zaidi, nao ni wa kumwendeleza mwalimu mwenye cheti afikie stashahada na hatimaye shahada. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hufundisha shahada za ualimu kwa watu wanaosoma wakiwa kazini au nyumbani, na mwanafunzi halazimiki kuhama Karatu. Ni njia ya miaka mingi, na kijana mwenye haraka hataipenda. Lakini shahada ndiyo ufunguo unaotakiwa England, Marekani na Dubai kwa pamoja, na milango hiyo ikigoma yote, aliyenayo bado ana thamani zaidi katika shule za hapa nchini. Anapaswa pia, katika miaka hiyo, kufundisha mahali, hata kwa ujira mdogo katika shule ya binafsi, kwa maana uzoefu usio na barua ya mwalimu mkuu hauhesabiwi popote.

Jambo moja la kalenda. Mwaka wa shule wa England huanza Septemba, na nafasi nyingi hutangazwa kati ya Februari na Mei. Mbulumbulu, miezi hiyo ni ya kupanda na kupalilia, mifuko mitupu. Ngano na mahindi huvunwa kuanzia Julai, na mbaazi baadaye. Mwanachama anayengoja mavuno ndipo amtafutie mtoto mtihani wa Kiingereza na tathmini ya vyeti atakuta nafasi za mwaka huo zimekwisha, na hapo ndipo huangukia kwa mtu mwenye "njia ya mkato". Ombi la gharama hizo ndogo za mwanzo lipokelewe baada ya mavuno, mwalimu akamilishe karatasi zake kabla ya Januari, na barua za kuomba kazi zitumwe msimu wa Februari unaofuata.